Mama Alipoigiza Mchawi

Mama yangu nilimwona kwenye simu ya mteja kabla sijaambiwa na mtu kwamba ile tamthilia imetoka. Ilikuwa asubuhi, hapa Uyole, Mbeya, kwenye kibanda changu ninapouza chai na chapati kwa vijana wanaopakia viazi kwenye malori. Mmoja wao alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya chai ili aangalie huku anakula, na wenzake wamemwinamia mabegani. Nikawa napita na sufuria ya maharage. Sauti ya mama yako utaijua hata ikitokea kwenye spika iliyopasuka.

"Hiki kibibi kinatisha," akasema mwenye simu. "Ona macho yake."

Nikainama nami. Mama alikuwa amejifunga kaniki, amepakwa majivu mashavuni, amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote, anammiminia ulanzi mwanamume aliyevaa suti.

"Huyo ni mama yangu mzazi," nikasema.

Wakacheka. "Basi dada, chai yako naiacha," akasema mmoja. "Mimi nina watoto wadogo." Nami nikacheka. Na ili nisimsingizie, niseme kwamba chai aliimaliza na akaomba nyingine.

Mimi nimeishia darasa la saba. Kuandika naandika kwa mazoea tu, mambo ya siku, na mara nyingi nikirudia kusoma naona kuna mtu nimemwonea. Kwa hiyo hili la mama nimekaa nalo muda mrefu bila kuligusa. Niliogopa nitamwonea yule kijana mwongozaji, au majirani wa Ipogolo, au mama mwenyewe. Bado naogopa, lakini kukaa nalo nako kumenichosha.

Mama anauza ulanzi kule Ipogolo, Iringa, bondeni, si mbali na barabara kuu. Kwa asiyeujua, ulanzi ni maji ya mianzi. Wakati wa masika wenye mashamba huko vilimani hukata ncha za mianzi michanga, na kinachodondoka ndicho hicho. Ukinywewa siku hiyohiyo ni mtamu, hata watoto wanapewa. Ukilala unakuwa mkali. Kiangazi, mianzi ikikauka, mama hupika komoni, pombe ya mahindi, na moshi wa miaka yote hiyo ndio uliofanya macho yake yawe mekundu. Nimeyakuta mekundu tangu nilipopata akili. Pale mtaani hakuna aliyeyatazama mara mbili, maana kila mama aliyepika pombe anayo.

Kuna kitu kingine lazima nikieleze, kwa sababu ndicho kilichotuponza. Kwetu muuzaji hakupi kopo hivihivi. Anamimina, anapiga funda moja mbele yako, ndipo anakupa. Huko ndiko kutoa sumu, ingawa hakuna anayefikiria sumu. Ni adabu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Mama amefanya hivyo maisha yake yote. Akisahau siku moja, mteja atamwuliza kama kuna jambo limemkwaza.

Wale vijana walikuja kwake masika yalipoanza. Wanakaa Iringa mjini, wamesoma, wanatengeneza tamthilia fupifupi za kuangalia kwenye simu. Mwongozaji wao ni kijana mpole, mwembamba, ana ndevu chache anazozishika anapofikiri. Alimwamkia mama kwa Kihehe, kamwene, akakaa chini, akanywa, akaeleza shida yake. Mama akanipigia.

"Kuna watoto wamekuja hapa wanataka nicheze picha yao."

"Ucheze kama nani?"

"Mchawi."

"Mama."

"Mama nini? Wewe si ulicheza Mariamu kanisani siku ya Noeli? Ulizaa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia acheze. Na hata leo sioni ningemjibu nini kingine. Alikuwa na furaha. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia na sauti ile.

Walirekodi palepale kwenye kilabu chake, na kopo lake mwenyewe. Hadithi yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja anayepita njia, bibi anampa ulanzi wenye dawa, anarukwa na akili na kumwachia mali. Kwenye karatasi yao waliandika kwamba bibi anamimina, tajiri anapokea, anakunywa. Mama akagoma.

"Nani anakunywa bila kuonjewa?" akawaambia. "Watu wataona, watasema huyu aliyetunga si wa huku."

Mwongozaji alifurahi sana. Alimwambia, bibi umetuokoa. Lakini sasa ikawa kazi: akionja mwenye kuweka dawa, mbona yeye hadhuriki? Kijana akashika ndevu zake, akapata jibu. Bibi atakuwa na dawa ya kujikinga kwenye ukucha, ataulamba kwanza, ndipo aonje. Mama akamwonyesha jinsi ya kuupitisha mkono mdomoni kama anayejifuta, ili tajiri asigundue na mtazamaji agundue. Jioni yake alinipigia kunisimulia yote hayo. "Nimewarekebisha," akasema. "Walikuwa wanaharibu."

Nimefikiria sana jambo hilo. Kama angewaacha waharibu, watu wangeicheka tamthilia, na basi. Yeye akataka iwe kweli.

Sitaki kujifanya kwamba mimi sikuwa nazipenda tamthilia za namna hiyo. Nazijua zote. Mama mkwe akiingia amekunja mikono, unajua ndoa imekwisha. Tajiri ana tumbo na simu mbili. Mlinzi amelala. Mchungaji viatu vinang'aa kupita kiasi, usimwamini. Na mfanyakazi wa ndani ni wa Iringa, kila siku wa Iringa, haongei Kiswahili sawasawa, halafu mwishoni ama anamchukua baba mwenye nyumba ama anaiba dhahabu.

Hilo la mwisho nalijua kwa ngozi yangu. Nilipotoka nyumbani nikiwa msichana nilikuja Mbeya kufanya kazi za ndani. Familia ile ilinitendea vizuri, walikuwa wananinunulia nguo ya sikukuu sawa na za watoto wao. Lakini jioni, tamthilia ikifika kwenye msichana wa kazi, watoto walikuwa wanasema, "Dada, ongea kama huyu." Nami naongea kama huyu. Matamshi yenyewe sikuwa nayo. Nilijifunza kwenye televisheni yao, nikawafurahisha. Mama mwenye nyumba alicheka pia, kisha akainuka akaenda kufunga kabati la chumbani. Huenda alikuwa analifunga siku zote. Mimi siku hiyo ndipo nilipoliona.

Basi, tamthilia ya mama ikapendwa. Mwanzoni Ipogolo waliifurahia kuliko hapa. Wateja walikuwa wanamwambia, "Mama, umeshalamba?" na yeye anatoa ulimi wautazame, kilabu kizima kinacheka. Wengine walimwomba apitishe mkono mdomoni kama kwenye picha, akapitisha. Kwa maneno yake mwenyewe, zile zilikuwa siku nzuri.

Sijui mzaha uliisha lini. Hata mama hajui. Anasema mteja mmoja alianza kuja na kopo lake. Mwingine akawa anaomba amimine yeye mwenyewe. Mwingine, mama alipoonja, akamwambia, "Onja tena mama, hapo umegusa tu," akasema huku anacheka, ila mkono hakuunyoosha mpaka mama alipoonja mara ya pili. Mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa akimwachia mama mjukuu wake anapokwenda sokoni, akaanza kwenda naye mgongoni. Huyo nisimhukumu, mtoto alikuwa ameanza kuota meno na kulia sana.

Halafu mzee mmoja akaumwa. Ni mteja wa siku nyingi, fundi baiskeli, rafiki wa baba enzi za uhai wake. Alikunywa kwa mama, akaenda zake, akashinda akitapika na kuharisha siku iliyofuata. Akapona. Lakini binti yake akauliza watu, na watu wakamwonyesha simu.

"Njoo," mama akaniambia kwenye simu. "Mwenyekiti wa mtaa anataka tukae."

"Wanakusingizia?"

"Hakuna aliyesema neno. Ndiyo maana nakuita."

Nikamwachia mwenzangu kibanda, nikapanda basi. Njia nzima, kupita Makambako, kupita Mafinga na ukungu wake, nilikuwa napanga maneno makali. Nilipofika Ipogolo nikakuta sina pa kuyaweka, kwa sababu kila mtu alinipokea vizuri. Binti wa mzee yule alinikumbatia. Tulisoma shule moja.

Tulikaa kilabuni mchana, kwenye mabenchi yaleyale ya kunywea. Alikuwepo mwenyekiti, yule mzee na binti yake, wateja wachache wa zamani, mama, na mimi. Mwongozaji naye alikuja kwa bodaboda. Mama ndiye aliyemwita. Alitaka aseme mwenyewe kwamba ile ilikuwa picha tu.

"Hapa si mahakamani," mwenyekiti akaanza. "Hakuna aliyemshtaki mama. Tumekuja kupoza mioyo."

"Mimi pia simsemi mama," akasema binti wa mzee. "Baba alitoka hapa, akaumwa. Nauliza tu."

"Nilipita na kilabu cha kule juu nikanywa," akasema mzee. "Na nilikula samaki waliolala."

"Baba, nyamaza kwanza."

"Ninyamaze vipi? Tumbo ni langu."

Watu wakacheka, mama naye akacheka, nikadhani tumemaliza. Mwongozaji akasimama. Akasema ile hadithi yote aliitunga yeye, kila neno, na ile dawa ya ukuchani ilikuwa unga wa mahindi. Alisema bibi ni mtu mwema kuliko wote aliofanya nao kazi. Alisema vizuri, nikamhurumia.

Ndipo mteja mmoja, mtu mzima aliyekuwa ameketi pembeni na kofia yake gotini, akauliza. Aliuliza kwa upole. Naamini alikuwa anataka kutusaidia.

"Mwanangu, hapa Ipogolo wauza ulanzi ni wengi. Kwa nini ulimjia huyu?"

"Nilipita kwa wote, babu. Nilipofika hapa nikaona anafaa."

"Anafaa kwa lipi?"

Kijana akashika ndevu. "Sura."

"Mchawi ana sura?"

"Kwenye picha anayo. Awe bibi, macho mekundu, mjane, anakaa peke yake. Mtazamaji akimwona tu anaelewa. Huna haja ya kupoteza dakika kumweleza."

"Wewe umewahi kumwona mchawi?"

"Hapana, babu. Sijawahi."

"Sasa ulijuaje kwamba anafanana naye?"

"Ndivyo wanavyokuwa kwenye picha zote."

Mtu akacheka, mwenyekiti kama sikosei. Nami nikaona sasa wamesikia. Kijana amesema mwenyewe kwamba wachawi wake kawaona kwenye picha za wenzake, na wenzake nao vilevile, na mwanzo wake hakuna anayeujua. Nilisubiri waseme hivyo. Lakini binti wa mzee alikuwa ameangalia chini, akasema polepole, kama anayezungumza na nafsi yake, "Kumbe hata mgeni aliona."

Watu wakageuza macho kwa mama, mmoja baada ya mwingine. Niliona kabisa kikao kimegeuka.

Kijana akakaa chini. Angeweza kudanganya mapema, angesema alimchagua mama kwa sababu ya sauti, au kwa kuwa kilabu chake kina mwanga. Aliulizwa, akajibu kweli, na ukweli wake ukatuumiza. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Nimejaribu.

Mwenyekiti ni mtu wa kutafuta njia. Akasema, "Tufanye hivi. Mama auze kama kawaida, biashara ni yake. Ila amimine mwingine, aonje mwingine, kwa muda, mpaka maneno yaishe. Binti yake si yupo?"

Ungeona jinsi watu walivyopumua. Kila mtu akaitikia. Lilikuwa neno jema, lilikuwa na heshima, hakuna aliyefukuzwa wala kutajwa vibaya. Wote wakanigeukia mimi. Mama akachukua kopo mezani, akalifuta kwa upindo wa khanga yake, akanipa.

Nikamimina. Nikaonja. Nikampa mzee kwa mikono miwili, akanywa mpaka akaona kitako cha kopo, akasema, "Sasa huu ndio ulanzi." Wakacheka, wakaagiza.

Nilikaa kwa mama siku kadhaa nikimimina. Wateja walirudi, na baadhi yao niliwaona wanaona haya kidogo, wanakunywa haraka na kuuliza habari za Mbeya. Mama alikaa kwenye benchi la wateja. Nilimwekea mto. Kazi alikuwa hana, mikono aliilaza mapajani, na mtu akiingia anaanza kuinuka, kisha anakumbuka.

Siku moja mwanamke mmoja, baada ya kupokea kopo, aliniambia, "Wewe uso wako una nuru." Alisema kwa wema. Mama alikuwa palepale, anasikia. Mwanamke alipoondoka mama akaniuliza, "Hivi wewe ukitaka kulamba, wangejuaje?"

"Mimi?"

"Wewe. Kucha huna?"

"Hawanifikirii hivyo, mama."

"Kwa nini hawakufikirii?"

Nikawa naosha makopo. "Subiri macho yako yachoke," akasema, bila hasira, kama anayenitajia mvua.

Tangu hapo kila nilipoonja nilijisikia vibaya, na sikuwa na hakika ni kwa nini. Nilikuwa nimekuja kumtetea. Biashara ilikuwa imerudi. Lakini kila funda nililopiga ni kama nawaambia, ndiyo, mkono wake hapana, mkono wangu sawa. Au labda navuta mambo mbali. Labda nilikuwa namsaidia mama aliyezeeka, kama binti yeyote. Niligeuza hivi na hivi, na hata sasa sijapata upande wa kulala.

Mwongozaji alirudi kabla sijaondoka. Alileta sukari na kitenge, akaviweka chini, akakaa. Kisha akasema amefikiria njia. Katika sehemu ya pili bibi atatubu. Ataokoka, atachoma vibuyu vyake mbele ya watu, na kijiji kitampokea. Alikuwa ameshaandika. Watazamaji wanaisubiri, alisema, na wakimwona bibi ametubu, na huku nje mioyo italainika.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Akitubu," akasema, "si maana yake alikuwa mchawi?"

Kijana akakunja karatasi yake.

"Niandikie bibi ambaye mgeni anapita, anamwamkia, anaonjewa, anakunywa, anakwenda zake."

"Halafu inatokea nini, bibi?"

"Hakitokei kitu."

"Sasa hapo hakuna tamthilia."

"Najua. Ndiyo hiyo ninayoitaka."

Hakumkejeli. Alikuwa anamwomba kweli, nami niliona kijana anafikiria kweli, ameshika ndevu zake, anaangalia mabenchi na makopo, anatafuta mahali pa kuweka kamera. Mwishoni akasema atajaribu, lakini wenzake hawatakubali, maana mtu kwenye simu akiona bibi amekaa tu anapitisha kidole. Hapo pia alikuwa mkweli. Mimi mwenyewe ningepitisha.

Siku ya pili yake asubuhi mama alinikuta nimeshatoa mabenchi. Akanyoosha mkono.

"Lete kopo."

"Mwenyekiti alisema kwa muda."

"Muda umefika. Rudi Uyole, chapati zako wanaziunguza huko."

"Na watu, mama?"

"Mimi niko hapa. Wanaponijua ni hapa."

Nikampa. Akakaa kwenye kigoda chake, akajifunga khanga vizuri. Mteja wa kwanza alikuwa mtu niliyemhudumia siku zote zile, dereva wa trekta, mcheshi. Mama akamimina, akaonja, akamnyooshea kopo. Yule mtu hakulitazama kopo. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu, na ningeweza kufanya kitu, kulichukua na kunywa, kutikisa kichwa, chochote. Nilifikiria, nikinywa mimi ndio nimeanza upya yaleyale. Nisiponywa nimemwacha mama na mkono hewani. Nikiwa bado nafikiria akalipokea, akaliweka benchini kando yake. Akasimulia habari za shamba moja ambako trekta lilizama kwenye tope. Alisimulia vizuri, tukacheka. Mvua ikaanza, akasema anawahi, akatoka mbio. Kopo alililipia na kuliacha vilevile.

Inawezekana ni mvua. Ilikuwa mvua kubwa.

Sasa niko hapa Uyole, na kila jioni nampigia. Anasema hajambo. Wateja wapo, anasema, ila si wale. Wanakuja vijana wa mjini kupiga naye picha, wananunua, wanacheka, hawaogopi kitu, kwao yeye ni mtu wa kwenye simu. Hao wanakunywa bila hata kungoja aonje, na hilo nalo halimfurahishi. Wale wa mtaani wanamwamkia vizuri sana. Wanamwamkia kuliko zamani.

Jana aliniambia, "Mzee amekuja leo."

Nikajua ni yule fundi baiskeli. "Amekunywa?"

"Amekaa."

"Amesema nini?"

"Nyanya zimepanda bei. Goti linamsumbua. Amekaa mpaka binti yake akaja kumchukua."

"Na kopo?"

"Nilimmiminia, nikaonja, nikaliweka katikati yetu. Mkono aliupeleka mara moja. Halafu binti akaingia." Nilisikia maji yanatiririka, kama anaosha kitu. "Binti naye kaniamkia. Si mtoto mbaya yule."

"Si mbaya," nikasema. Na ni kweli, si mbaya.

"Ulanzi nimekunywa mwenyewe. Ulikuwa wa leoleo, mtamu."

Nikamwuliza kama bado kunanyesha. Akasema kunanyesha. Kisha akaniuliza, "Unakuja lini?"

Mama si mtu wa kuuliza hivyo. Tangu niondoke nyumbani nikiwa msichana, mimi ndiye ninayesema nakuja, na yeye anasema ukipata nafasi. Sikuweza kutambua kama alikuwa anamwita mwanawe aje amwone, au ameshachoka na anaita mkono wa kumimina. Nikataka kumwuliza, nikaona aibu. Nikamwambia nitakuja mwisho wa wiki, naye akasema sawa, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekata simu, tukabaki hivyo tunasikiliza maji yake.